Walimu Nao Wapate Nafasi ya Kupumua



Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Katika mkutano wetu wa muhula uliopita, mwenyekiti aliuliza mchango wa mwaka huu kwa shule ya nyumbani tuufanyie nini. Wengi mlisema tupeleke tena kompyuta. Mimi nikanyoosha mkono nikasema tuwalipie walimu nauli waende msituni wakapumzike. Ukumbi mzima ukacheka. Mmoja akauliza, "Msituni kufanya nini bwana, kukata kuni?" Na mimi nilicheka. Lakini nilipofika chumbani kwangu usiku ule sikuona tena cha kuchekesha, na kwa kuwa uamuzi utafanyika mkutano ujao, nimeona bora niandike.

Nianze na mama yangu, maana ndiye mwalimu ninayemjua vizuri kuliko wote. Amefundisha shule za msingi wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, kwa miaka 31. Amebakiza mitatu astaafu. Ada ya shule za msingi ilipofutwa Tanzania mwaka 2001, watoto walimiminika madarasani, na lilikuwa jambo jema kabisa, mimi mwenyewe nina binamu waliosoma kwa sababu hiyo. Lengo lililowekwa lilikuwa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mama hajawahi kuliona darasa hilo la watoto 45. Kwake 90 ni kawaida. Madaftari 90 ya hesabu, kila siku. Miaka miwili iliyopita alianguka ubaoni. Presha. Daktari akamwambia, "Mama, pumzika." Akapumzika siku nne akarudi kazini.

Sisi wahandisi tuna somo linaitwa uchovu wa metali. Watu wengi hudhani chuma huvunjika kwa sababu kimebebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi. Mara nyingi si hivyo. Huvunjika kwa mzigo mdogo tu, ambao kingeweza kuubeba vizuri, lakini unaorudi na kuondoka, unarudi na kuondoka, mara maelfu, mpaka ufa usioonekana kwa macho unatambaa na siku moja, kraa! Mwaka 1954 ndege mbili za aina ya Comet zilisambaratika angani karibu na Italia, na wachunguzi walikuta tatizo ni hilo hilo: nyufa zilizoanzia kwenye pembe za matundu ya bodi kwa sababu ya kujazwa hewa na kupunguzwa, safari baada ya safari. Hakuna safari moja iliyokuwa nzito kuliko nyingine.

Mwalimu naye haangushwi na siku moja mbaya. Tofauti ni kwamba chuma kikishachoka, hata ukikilaza stoo mwaka mzima ule ufa haufungi. Binadamu akipumzika anajirudi. Basi tumpe hiyo nafasi kabla ufa haujafika mwisho.

Mtasema, sawa, apumzike, lakini msitu unaingiaje hapo? Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo yake kuhusu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti waliruhusiwa mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko wenzao waliotazamana na ukuta wa matofali. Na mwaka 2019 ulitoka utafiti wa watu karibu 20,000 hapa Uingereza, ukaonyesha kwamba waliokaa kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walikuwa na uwezekano zaidi wa kusema afya yao ni njema na wanaridhika na maisha. Haikujalisha kama saa hizo mbili ni za mara moja au zimegawanywa. Sitaki kuwadanganya: utafiti huo wa pili hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowaponya, maana huenda wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Lakini gharama ya kujaribu ni nauli na chupa ya chai. Kwa mhandisi, hilo ni jaribio rahisi sana.

Sasa nije kwenye swali la kukata kuni, maana aliyeuliza hakukosea. Walimu wetu wa vijijini si tayari wamezungukwa na miti? Ndiyo, wamezungukwa. Ila mama akitoka darasani anashika jembe, kwa sababu mshahara hautoshi mpaka mwisho wa mwezi. Shuleni nako, tangu enzi za Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shamba ni kazi ya kusimamia, na kufyeka nyasi ni adhabu. Wengi wenu mnakumbuka, mlichelewa namba mkapewa fyekeo. Kwa hiyo kuona majani kwetu ni kuona kazi. Kuwa shambani na kupumzika kwenye kijani ni vitu viwili tofauti kabisa, kama vile mpishi wa hoteli hajala karamu kwa sababu tu ameshinda jikoni.

Mwaka jana nilipokwenda likizo niliazima gari la mjomba nikamchukua mama na walimu wenzake wawili, tukapanda Amani. Kwa wasiojua, Amani ni msitu wa hifadhi katika milima ya Usambara Mashariki, ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Kutoka Muheza unaiona ile milima kila asubuhi. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuiona. Lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vikopo katika maduka ya hapa, Saintpaulia, asili yake ni huko kwetu. Mama katika miaka 31 hajawahi kufika, wala wenzake.

Hatukufanya kitu cha ajabu. Tulitembea taratibu, tukakaa juu ya mawe karibu na mto Zigi, huo huo unaowapa maji watu wa Tanga mjini, tukala maandazi. Walimu wale watatu walinyamaza muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa kwamba wamechukia. Baadaye mama akasema, "Mwanangu, leo tangu asubuhi hakuna mtu aliyeniita mwalimu."

Jamani, niliishiwa maneno. Cheo hicho ni cha heshima, lakini kijijini mwalimu ni mwalimu saa zote. Ndiye anayesomewa barua na kuisoma, anaandikia watu fomu, anaamua ugomvi, anaamshwa usiku mtoto wa jirani akipotea. Pale mtoni hakuna aliyemhitaji. Presha haikuisha siku ile, na Jumatatu alirudi kwa watoto wake 90. Lakini kila Jumapili nikimpigia simu swali lake ni moja, "Tutarudi lini?"

Wapo watakaosema, kwanza mishahara, kwanza nyumba za walimu, mambo ya kutembea ni ya Wazungu. Kuhusu mishahara nakubali kwa mikono miwili. Mtu asitumie miti kukwepa deni la mshahara, na serikali yoyote itakayowaambia walimu "nendeni mkatembee" badala ya kuwalipa itakuwa inawadhihaki. Lakini chama chetu hakina uwezo wa kupandisha mshahara wa mtu. Hapa Uingereza, tangu Septemba 2005, walimu wana haki ya angalau asilimia 10 ya muda wao wa kufundisha itengwe kwa maandalizi na kusahihisha. Na bado wenzetu wanaofundisha katika shule za hapa, tunao kadhaa humu chamani, wanarudi jioni hoi, uso umekauka. Muda wa kusahihisha si muda wa kupumua.

Na kwamba kutembea ni anasa, hapana. Mwaka 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, na wengine kutoka mji wetu huu wa Sheffield, walipanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa ya matajiri waliokuwa wameufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Watano walifungwa jela. Hawakuwa watu wa anasa. Walivuta moshi wa viwandani siku zote, wakataka Jumapili yao iwe na hewa. Mwaka 1951 eneo hilo la Peak District likawa hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza, na leo sisi tunafika kwa treni chini ya saa moja, ila wengi wetu hatujawahi kushuka pale Edale. Hatuna tofauti na mama na Amani yake.

Kwa hiyo naleta mapendekezo mawili, na naomba yajadiliwe.

Kwanza, kila muhula Jumamosi moja tutoke na wanachama wanaofundisha, twende Peak. Chama kilipe nauli, sisi wengine tubebe chapati na chai. Sharti ni moja, mtu asiulize habari za kazi. Mvua itanyesha, tunaijua, tuvae makoti.

Pili, mchango wa shule mwaka huu ugawanywe. Kompyuta nne tulizopeleka mwaka jana, mbili zimefunikwa kitambaa kwa sababu umeme haueleweki. Badala ya kuongeza nyingine, tununue mabenchi kwa fundi wa kule kule, yawekwe chini ya ule mwembe nyuma ya ofisi ya walimu, tupande miti mingine ya kivuli, na zitengwe nauli za walimu kupanda Amani siku moja kila muhula. Kumwagilia miche kusiwe adhabu ya watoto, tumlipe mtu. Na kabla ya yote tuwaulize walimu wenyewe. Wakisema hapana, tunataka kompyuta, basi nitabeba kompyuta mimi mwenyewe mpaka uwanja wa ndege.

Kila mmoja wetu yuko chuoni hapa kwa sababu kuna mtu alisimama ubaoni akiwa amechoka na hakusema. Tusingoje aanguke ndipo tuchangie.

Tuonane mkutanoni.

Mwenzenu, mwanafunzi wa uzamivu, uhandisi