Kabla ya Granada, Tuwapeleke Watoto Ujiji



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, husikika siku hizi katika mazungumzo ya familia zenye uwezo nia ya kuwatembeza watoto katika miji yenye athari za kale za Uislamu, na jina linalotajwa zaidi ni Andalusia, jimbo la kusini mwa Hispania. Nia hiyo ni njema. Qur'ani Tukufu, katika Suratul An-aam aya ya 11 na Suratur-Ruum aya ya 42, inawahimiza watu kutembea katika ardhi na kuzingatia mwisho wa waliowatangulia. Nasi wahenga wetu walituusia: tembea uone. Tunalotaka kulisema leo kwa wazazi wa Mpanda na mkoa mzima wa Katavi ni hili: safari ya namna hiyo ipo karibu nasi, tena tunaiweza, na inafaa ianze hapa kabla ya kuvuka bahari.

Kwanza tuitendee haki Andalusia. Anayekwenda huko kwa siku chache huzunguka miji mitatu. Cordoba upo msikiti mkuu ulioanzishwa na Abdurrahman wa Kwanza katika karne ya 8. Seville upo mnara wa Giralda, uliokuwa mnara wa adhana na leo una kengele za kanisa. Granada lipo kasri la Alhambra, la watawala wa mwisho wa Kiislamu katika nchi ile. Cordoba ilichukuliwa mwaka 1236, Seville mwaka 1248, na Granada ikakabidhiwa tarehe 2 Januari 1492. Kizazi cha Waislamu waliobaki, waliokwisha kulazimishwa kubatizwa, kikafukuzwa nchini kati ya mwaka 1609 na 1614. Msikiti ule wa Cordoba ni kanisa kuu hadi leo, na Muislamu anayeingia hukatazwa kuswali ndani yake. Majengo yamehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa, lakini walioyajenga waliondolewa.

Sasa tutazame kwetu. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, kisha ikashuka hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Kwa njia hiyo Uislamu uliingia bara, na Kiswahili kikaingia pamoja nao. Mwaka 2006 serikali yetu iliingiza njia hii katika orodha ya awali ya maeneo inayoyapendekeza kwa UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Viwili vya mwisho viko jirani na mkoa wetu. Hapa kwetu hali ni kinyume cha Andalusia: waumini wapo, adhana zinasikika, ila majengo yanaanguka na kumbukumbu zinazikwa pamoja na wazee.

Hasara ya jambo hili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtoto wa Mpanda anayefundishwa kuwa historia ya Uislamu iko Makka, Madina, Baghdad na Cordoba tu, atakua akijiona mgeni katika dini yake mwenyewe. Shuleni naye husoma kuwa Ujiji ni mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, basi. Haulizi ni nani waliokuwa wenyeji wa mji huo. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 1857, walipokewa na kukirimiwa na mfanyabiashara Snay bin Amir. Na walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta biashara ya ng'ambo na ng'ambo ya ziwa inaendelea. Miji ilikuwepo, na watu wake walikuwepo, kabla ya wageni hao kuiandika.

Basi safari ipangwe vipi? Tunashauri miji isizidi mitatu na siku zisizidi saba, wakati wa likizo ya Juni, kwa kuwa Desemba mvua huharibu njia za vumbi. Mzunguko wenyewe umejipanga kama pembetatu. Kutoka Mpanda familia itakwenda Tabora, kwa basi au kwa treni kupitia Kaliua, kwenye tawi la reli lililojengwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa Mpanda. Kutoka Tabora watashika Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hadi mwisho wake. Na Ujiji ni kilomita chache tu kutoka stesheni ya Kigoma. Kurudi, watapita Uvinza kwa basi hadi Mpanda, bila kurudia njia waliyojia.

Wanaokwenda Granada huanza na tarehe ya tiketi ya Alhambra, maana tiketi hiyo huuzwa mapema, kwa jina la mtu, kwa siku na kwa saa ya kuingia. Mengine yote huifuata. Sisi tuanze na treni ya Tabora kwenda Kigoma. Haisafiri kila saa, na ratiba hubadilika. Baba aende stesheni aulize siku hasa, akate tiketi, ndipo apange siku za kulala Tabora na Ujiji. Anayepanga nyumba za wageni kwanza na treni baadaye atajikuta amekwama na watoto, na fedha zimekwisha njiani.

Tabora zitengwe siku mbili. Siku moja iwe ya Kwihara, nje kidogo ya mji, penye nyumba ya tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872 na leo ni makumbusho. Watoto waoneshwe ukuta wa udongo, paa la bapa na mlango, waambiwe kwamba hivyo ndivyo walivyojenga watu wa misafara. Siku ya pili iwe ya mji wenyewe na misikiti yake, na ikiwezekana iwe Ijumaa ili familia iswali pamoja na wenyeji. Ujiji nako siku mbili zinatosha: makumbusho, miembe mikongwe, soko, na ufukwe ambao mashua zilivuka kwenda Manyema. Uvinza pawe pa kupita na kusimulia, kwani chumvi ya chemchemi zake imepikwa tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na misafara iliitegemea.

Safari fupi huharibiwa na tamaa. Wapo watakaotaka kuongeza Hifadhi ya Katavi, Karema na hata Bagamoyo katika wiki hiyo hiyo. Karema, iliyo katika mkoa wetu, ina historia yake nzito: kituo kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa kwa mapadri wa White Fathers mwaka 1885. Inastahili siku yake peke yake. Tumefundishwa pia na Mtume (S.A.W.) kuwa msafiri akishamaliza haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake.

Upande wa ibada, safari hii ni darsa tosha. Tabora na Ujiji zote ziko mbali kuliko masafa yanayotajwa na wanazuoni, hivyo familia itaswali rakaa mbili kwa zile zenye nne, na yaruhusiwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i, yanayofuatwa na wengi wetu, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, huacha kuwa msafiri. Kwa mpango wa siku mbili mbili, ruhusa itabaki safari nzima. Ndani ya treni watoto watajifunza kwa vitendo yale wanayoyasoma chuoni kwa maneno.

Lipo jambo zito ambalo mzazi hana budi kulikabili kabla ya kufunga mizigo. Njia ile ilikuwa ya pembe za ndovu, na ilikuwa ya watumwa. Miongoni mwa wenye misafara walikuwemo Waislamu wenye majina makubwa, kama Hamed bin Muhammad al-Murjebi, maarufu Tippu Tip, na Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, ambaye makao yake yalikuwa Ujiji. Wapo wanaotaka habari hii isitajwe mbele ya watoto kwa kuhofia heshima ya dini. Sisi hatukubaliani nao. Dini iliyofanya kumwacha mtumwa huru kuwa ibada na kuwa kafara ya madhambi haihitaji kulindwa kwa uongo; tena mtoto tutakayemficha atayasikia kwa mwingine, na hatatuamini tena.

Zaidi ya hayo, tukificha habari za utumwa tunawaficha wazee wetu wenyewe. Uislamu wa bara haukubebwa na matajiri wa misafara pekee. Ulibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi, na watu wa Manyema waliovushwa ziwa wengine wakiwa kifungoni, na wanawake waliolea watoto mbali na kwao. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ikaja mwaka 1922. Wengi wa waliokuwa chini ndio waliojaza misikiti na kufundisha alifu na bee. Mtoto aambiwe yote mawili: dhulma ilikuwepo, na imani ya waliodhulumiwa ikaishinda.

Kuna watakaouliza, je, fedha hizo si bora zipewe masikini? Sadaka ina fungu lake na elimu ya watoto ina fungu lake. Na tukipima gharama, ada ya viza ya kuingia Hispania, tangu Juni 2024, ni yuro 90 kwa mtu mzima mmoja, na hairudishwi hata ukinyimwa. Hapo bado ndege. Kwa ada za viza tu za familia kubwa, mzazi wa Mpanda ataweza kugharimia sehemu nzuri ya mzunguko wetu. Asiyeweza hata huo, waalimu wa madrasa na wazazi wachangishane wawapeleke vijana kwa kundi, au waanze na wazee wa hapa hapa mjini, ambao baba zao walitoka Tabora na Ujiji.

Kila mtoto apewe daftari. Katika kila mji aulize mambo matatu: nani alijenga, nani alibeba mzigo, na nani alibaki. Wazee waendewe kwa adabu, kwa salamu na kwa ridhaa yao, na wanayoyasema yaandikwe siku hiyo hiyo. Majengo huenda hatuna uwezo wa kuyaokoa, lakini masimulizi tunaweza.

Msafiri Ibn Battuta, mwana wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, na karibu miaka ishirini baadaye akaingia Granada. Kwake zote mbili zilikuwa miji ya Kiislamu iliyostahiki kusafiriwa na kuandikwa. Tunamuomba Allah (S.W.) awafungulie watoto wetu njia ya Granada pia, na awajaalie kufika huko wakiwa na cha kusimulia kuhusu kwao.

Wabillahi tawfiq.