Ushuru wa mazao ulipwe mara moja

Gunia la mahindi linalotoka Kitale kwenda Nairobi huvuka Uasin Gishu, Nakuru na Kiambu kabla ya kufika sokoni. Iwapo kila kaunti iliyo njiani itadai ushuru wake wa mazao, mkulima atabaki na nini?

Zamani sehemu kubwa ya safari hiyo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Bonde la Ufa, ambao makao yake makuu yalikuwa Nakuru. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, eneo hilo likawa chini ya serikali 14 za kaunti, kuanzia Turkana kaskazini hadi Kajiado inayopakana na Tanzania. Kila moja ina gavana, bunge na sheria yake ya fedha.

Mgawanyo huo una manufaa. Kilimo, masoko na udhibiti wa magonjwa ya mifugo ni kazi za kaunti, na mkulima wa Iten au Kapsabet ana ofisi ya karibu ya kupeleka malalamiko. Miji nayo imekua. Nakuru ilipata hadhi ya jiji 2021 na Eldoret 2024, na yote mawili ni masoko makubwa ya viazi, maziwa na mboga.

Hata hivyo, kaunti zinahitaji pesa, na njia rahisi ya kuzipata ni kizuizi barabarani. Mfanyabiashara aliyelipa Kitale akadaiwa tena mbele hali hasara hiyo peke yake. Humpunguzia mkulima bei shambani na kumwongezea mama mboga bei sokoni.

Kaunti ya njiani itasema malori yanaharibu barabara. Lakini barabara kuu ni jukumu la serikali ya kitaifa, na mwenye lori huchangia ukarabati wake kila anaponunua mafuta.

Katiba ya 2010, kifungu 209(5), inakataza kaunti kutoza ushuru kwa namna inayoathiri biashara baina ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa nchini. Basi ushuru ulipwe mara moja, mazao yanakotoka, na risiti hiyo iheshimiwe hadi mwisho wa safari.

Kila mwaka kaunti huwaalika wananchi kutoa maoni kuhusu mswada wa fedha. Wakulima na wachuuzi wasiuache mkutano huo kwa wanasiasa. Waende na risiti zao mkononi.