Shabiki wa Ubaruku anasubiri msimu gani?

JICHO LA MIKOANI
Na Ambokile Mwasaka

Msimu wa 2025/26 wa Ligi Kuu ya NBC ulianza Septemba 2025. Ulichelewa kwa sababu Agosti yote nchi ilikuwa kwenye mashindano ya CHAN, na vijiwe vikarudia maswali yale yale mawili. Simba itarudi kileleni? Yanga itabeba la tano mfululizo?

Yalikuwa maswali halali. Simba ilikuwa haijagusa ubingwa wa ligi tangu msimu wa 2020/21, na mashabiki wake bado walikuwa na kidonda cha Mei 2025, walipofungwa 2-0 kule Berkane kisha wakatoka sare ya 1-1 pale Amaan, Zanzibar, Kombe la Shirikisho la Afrika likaenda Morocco. Mwanasimba aliuliza kama waliofika fainali watabaki, na kama usajili mpya utajibu mapema au itakuwa ile hadithi ya "tunajenga timu". Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, naye alikuwa na wasiwasi wake pamoja na kutamba kote. Stephane Aziz Ki alikuwa ameshaenda Wydad. Yanga walishapitia hali hiyo mwaka 2023 Fiston Mayele alipoondoka, wakapona, lakini kupona mara moja hakumhakikishii mtu kwamba atapona tena. Na wote wawili, hata kama hakuna aliyekiri mbele ya mwenzake, waliomba isijirudie ile ya Machi 8, 2025, watu wamesafiri kutoka mikoani, wamelipa nauli na viingilio, halafu dabi ikaahirishwa siku ile ile ya mechi.

Hayo yalisemwa sana na redio zetu, wala hayahitaji kalamu yangu. Mimi nataka kumsemea shabiki mwingine, ambaye kabla ya msimu kuanza haulizi timu yake itamaliza nafasi ya ngapi. Anauliza kama timu yake bado ipo, na kama ipo, inaitwaje, na inacheza mji gani.

Nianzie nyumbani, mkoa wa Mbeya, wilaya ya Mbarali. Ukiacha barabara kuu iendayo Zambia ukaingia upande wa mashamba ya mpunga, unafika Ubaruku. Hapo ndipo ulipo uwanja wa Highland Estates, na hapo ndipo ilipokuwa Ihefu, kwa jina la utani Mbogo Maji, timu iliyochukua jina lake kwenye ardhioevu ya bonde la Usangu. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, ikashuka 2021, ikarudi 2022. Haikuwa timu ya fedha nyingi. Novemba 29, 2022, ikiwa maeneo ya mkiani mwa msimamo, iliikaribisha Yanga ambayo ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Ihefu ikashinda 2-1. Never Tigere na Lenny Kissu wakaingia kwenye historia ya soka la nchi hii wakiwa kwenye uwanja ambao watu wengi wa Dar es Salaam hawakuwa wamewahi kuusikia. Na kwa wale waliosema ni bahati, Oktoba 2023 Yanga walirudi Ubaruku na wakafungwa tena, 2-1 ile ile.

Jiulize watoto wa Ubaruku waliokuwa wamening'inia kwenye miti na magari kutazama mechi ile walijifunza nini. Walijifunza kwamba kijiji kinaweza kumfunga bingwa. Mkulima aliyezoea kusikiliza mpira wa mjini redioni aliona majina makubwa yakishuka kwenye basi mbele ya macho yake, yakitoka uwanjani yameinamisha vichwa. Mama lishe aliuza wali wote siku hiyo. Bodaboda walilala na hela.

Miezi michache baadaye ile timu ilihamia Singida, ikawa inacheza uwanja wa Liti, na kabla ya msimu wa 2024/25 jina nalo likaondoka. Ihefu ikawa Singida Black Stars. Haikushuka daraja wala haikuvunjwa. Iliondoka ikiwa hai, ikaiacha Mbarali ikiwa na uwanja na kumbukumbu.

Najua nitajibiwa, na jibu lenyewe lina uzito. Mwenye timu ndiye anayelipa mishahara. Kuendesha klabu ya Ligi Kuu ni gharama kubwa, na viingilio vya Ubaruku havitoshi kulipa posho, achilia mbali usafiri wa kwenda Bukoba au Kigoma na kurudi. Timu imekwenda ilikopata nguvu, na matokeo yanaonekana: Singida Black Stars ilimaliza ya nne msimu wa 2024/25 na msimu uliofuata ikaiwakilisha nchi kwenye Kombe la Shirikisho la Afrika. Watu wa Singida nao ni Watanzania, nao wanastahili mpira mzuri. Yote hayo nayakubali.

Lakini hebu tuwaangalie hao hao watu wa Singida, kwa sababu hakuna mashabiki waliochezewa moyo kama wao. Mwaka 2017 walipata Singida United, mji ukalipuka kwa furaha. Mwaka 2020 ikashuka daraja na ikapotelea huko. Mwaka 2022 timu ya DTB ilipanda Ligi Kuu, ikaitwa Singida Big Stars, ikamaliza ya nne katika msimu wake wa kwanza. Watu wakanunua jezi. Msimu uliofuata ikawa Singida Fountain Gate, ikacheza mashindano ya Afrika. Msimu mwingine jina la Singida likafutwa kabisa, ikabaki Fountain Gate, ikahamia Babati mkoani Manyara. Mji ule ule ukaletewa iliyokuwa Ihefu. Shabiki wa Singida aliyeanza kushangilia mwaka 2017 akiwa darasa la kwanza ameshapenda timu tatu kabla hajamaliza sekondari. Leo anaimba Walima Alizeti, jina la utani la timu yake ya sasa, kwa sauti kubwa, na ana haki ya kuimba, ila ukimuuliza kama ana uhakika timu hii itakuwa Singida miaka mitano ijayo, hatakujibu haraka.

Tabora nako hadithi haiko mbali. Kitayosce, timu yenye asili ya Kilimanjaro, ilipandia Ligi Kuu ikiwa Tabora mwaka 2023. Mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, Agosti mwaka ule, ilikuwa Chamazi dhidi ya Azam, na iliingia uwanjani na wachezaji wanane kwa sababu ya matatizo ya usajili. Wanane! Watu walikuwa wamesubiri siku ile kwa hamu, redio zimewashwa mjini Tabora, na ndani ya dakika chache ilikuwa 4-0, wachezaji wakapungua chini ya saba, mwamuzi akamaliza mpira. Hakuna shabiki anayestahili kufunguliwa msimu namna ile. Ikawa Tabora United, watu wakaizoea, Nyuki wa Tabora wakaanza kuuma wakubwa. Sasa ni TRA United. Heri mji haujabadilika.

Timu si duka, kwamba ukiona wateja ni wachache unafunga fremu unahamia mtaa wa pili na kubadili kibao. Mtu anayependa timu ameweka humo jina la kwao. Ndiyo maana hakuna tajiri yeyote, awe na fedha kiasi gani, anayeweza kuamka asubuhi akaihamisha Yanga kutoka Jangwani au Simba kutoka Msimbazi. Kuna wanachama, kuna katiba, kuna matawi, kuna mkutano mkuu. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zimepita migogoro ambayo ingeua klabu nyingine yoyote, na zimebaki kwa sababu zina wenyewe. Timu za mikoani nyingi zina mmiliki, au taasisi, au halmashauri. Hazina wenyewe.

Timu za halmashauri nazo zina hofu yake. Kabla ya msimu huo wa 2025/26 nilipita Mwanjelwa, jijini Mbeya, kutazama biashara ya jezi, maana Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, ilikuwa imerudi Ligi Kuu baada ya kushuka mwaka 2023. Mji ulikuwa na raha. Wengi wetu tunakumbuka msimu wa 2013/14, Mbeya City imepanda tu, na Juma Mwambusi akaifikisha nafasi ya tatu, uwanja wa Sokoine ukijaa zambarau na sauti za "Koma Kumwanya" zikisikika hadi mitaa ya mbali. Kwenye kibanda nilichosimama, jezi nyekundu za Simba na kijani za Yanga zilikuwa zimetundikwa mbele, jezi za Ulaya pembeni. Nikauliza za zambarau. Kijana akainama, akatoa mfuko chini ya meza. Akanieleza kwamba timu iliposhuka alibaki na mzigo ambao haukupata mnunuzi, kwa hiyo safari hii anachukua chache chache, atatundika akiona timu imetulia. "Naipenda, kaka, lakini siwezi kuiamini kwa mtaji wangu," aliniambia.

Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile. Yule kijana ana akili ya biashara, na analinda familia yake. Lakini ligi ambayo muuza jezi anaficha jezi ya timu ya mji wake chini ya meza ina tatizo ambalo fedha za udhamini na haki za televisheni, ambazo kweli zimeibadilisha ligi yetu, hazijaligusa.

Tazama orodha ya waliopotea. Mbao ya Mwanza ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi mwaka 2017, ikaitoa Simba jasho pale Dodoma kabla ya kufungwa 2-1. Lipuli ya Iringa ilifika fainali mwaka 2019. Zote mbili zilishuka mwaka 2020, pamoja na Ndanda ya Mtwara, Alliance na Singida United. Kushuka daraja ni mpira, sina ugomvi nako. Kagera Sugar ilishuka mwaka 2025 na uwanja wake wa Kaitaba ukabaki bila Ligi Kuu, KenGold ya Chunya ilikaa msimu mmoja tu. Inauma, lakini imetokea uwanjani, na aliyeshuka uwanjani anaweza kupanda uwanjani. Pamba ya Mwanza ilikaa nje zaidi ya miaka 20 na bado ilirudi mwaka 2024 ikiwa na jina lake, na wazee walioiona ikiwa TP Lindanda walikwenda Kirumba na wajukuu. Mtibwa Sugar, bingwa wa 1999 na 2000, ilishuka, ikapambana, mwaka 2025 ikarudi. Shabiki anaweza kusubiri timu iliyoshuka. Iliyouzwa na kubadilishwa jina ataisubiria wapi?

Tunaopenda kutazama Uingereza tuchukue na hili la kwao. Wimbledon iliporuhusiwa kuhamishiwa Milton Keynes mwaka 2002, mashabiki walianzisha klabu yao, AFC Wimbledon, wakaanzia madaraja ya chini, na mwaka 2011 walikuwa wamefika ligi ya kulipwa. Baadaye makombe na historia ya klabu ya zamani vilirudishwa kwenye mji wake. Hakuna aliyemzuia mwekezaji kuwekeza. Walichogoma ni mji kunyang'anywa jina.

Ndicho ninachokiomba kwa shirikisho letu la soka, TFF, na Bodi ya Ligi, na si kisasi dhidi ya timu yoyote. Katika masharti ya leseni za klabu kiwekwe kifungu kwamba timu haihami mkoa wala kubadili jina ndani ya msimu, na ikitaka kufanya hivyo msimu ukiisha, itangaze mapema, kabla dirisha la usajili halijafunguliwa, na ikae na watu wa mji inaouacha. Anayehama ahame na wachezaji na mikataba. Jina, rangi na nembo vibaki kwa chama cha mpira cha wilaya, ili kama Mbarali watataka kuanza upya kutoka ligi ya wilaya, waanze wakiitwa Ihefu. Haigharimu shilingi.

Kwa wamiliki, wengi wenu mmeokoa timu ambazo zingekufa, na mnastahili shukrani. Anzisheni basi uanachama wa kweli, hata wa ada ndogo, wenye sauti katika mambo mawili tu: jina na mji. Shabiki mtakayempa hiyo sauti ndiye atakayenunua jezi mwezi wa Februari timu ikiwa imefungwa mechi nne mfululizo.

Na wewe msomaji uliye Tanga, Kigoma, Mwanza, Babati au hapa Mbeya: wakubwa wa Kariakoo, Simba na Yanga, watakuja kwenu mara moja kila mmoja, na uwanja utajaa nyekundu na kijani, nusu yake ni wenyeji. Ushabiki wako kwao sikuombi uuache. Ninachoomba ni mechi nyingine, ile ya katikati ya wiki dhidi ya Namungo au JKT Tanzania, saa kumi jioni, ambayo mapato yake ndiyo mwenye timu huyatazama anapoamua kubaki au kuhama. Nenda. Lipa kiingilio, kaa jukwaani, na mtoto umvalishe jezi ya mji wake.