Dola Moja ya Ulezi

Makala inayodai kwamba matajiri wa pamba wa Kusini mwa Marekani waliwalea watumwa wao kama wana imemsahau Pierce Butler. Alirithi mashamba ya pamba na mpunga Georgia, akaponda raha Philadelphia hadi kamari ikamzamisha kwenye madeni.

Nani alilipa? Machi 1859, kwenye uwanja wa mbio za farasi karibu na Savannah, watu zaidi ya 400 aliowamiliki Butler walinadiwa kwa siku mbili. Zikapatikana dola 303,850.

Watetezi husema familia hazikutenganishwa. Jeffrey, mmoja wa waliouzwa pale, alimsihi bwana wake mpya amnunue na mchumba wake, Dorcas. Akakataliwa, na Dorcas akauzwa kwingine. Butler, kwa “huruma” yake, aliwagawia waliouzwa dola moja moja, kwa sarafu mpya za senti 25. Huo ndio ulezi tunaotakiwa kuusifu?