Ukinunua duka, andika mipaka



Juma hili tunazungumza juu ya jambo linalofanyika kila siku katika mitaa yetu: mama anauza atelie yake ya kushona, mama mwenzake anainunua kwa pesa za likelemba ao mkopo wa AVEC. Tujiulize: akilipa, kwa mfano, dola 800, ananunua nini? Cherehani na meza angevipata sokoni kwa bei ndogo. Pesa inayozidi ni ya wateja waliozoea kushonesha pale.

Basi muuzaji akifungua atelie nyingine ng'ambo ya barabara kisha miezi miwili, wateja watamfuata. Mnunuzi atabaki na cherehani na deni.

Sheria inasema nini? Tangu tarehe 12 mwezi wa tisa 2012, nchi yetu inafuata sheria za OHADA. Sheria hiyo ya biashara inamkataza muuzaji kumsumbua mnunuzi katika biashara aliyomuuzia. Inaruhusu pia kuandika katika mkataba kwamba muuzaji hatafungua tena kazi ya namna ile. Lakini katazo hilo liwe na mpaka wa muda ao wa mahali. Mpaka mmoja unatosha.

Hapo ndipo wengi wanaanguka. Mnunuzi mwenye woga anaandika: “Muuzaji hatashona tena hata siku moja, popote.” Anafikiri amejilinda sana. Kumbe mbele ya tribinali ya biashara maneno hayo hayana nguvu, sababu hayana mpaka. Atabaki na ile kinga ya sheria tu, na itamlazimu aonyeshe namna alivyosumbuliwa. Mtaka yote hukosa yote.

Afazali aandike: “Muuzaji hatafungua atelie ya kushona katika mtaa huu kwa muda wa miaka miwili.” Sheria inaridhika na mpaka mmoja, lakini sisi tunawashauri muweke yote miwili, ili kusiwe mabishano.

Na wewe mama unayeuza, soma mbele ya kutia sahihi. Ukikubali kutoshona katika mji mzima miaka kumi, watoto watakula nini? Omba mpaka upunguzwe wakati bei bado inazungumzwa. Kisha kupokea pesa, umechelewa. Kama husomi, mtu unayemwamini akusomee kwa sauti, neno kwa neno. Mkataba uandikwe, mtie sahihi wote wawili mbele ya notere, na kila mmoja abaki na kopi yake.

Ninyi viongozi wa vikundi, mbele ya kumkopesha mwenzenu pesa za kununua duka, mwombeni awaonyeshe karatasi. Tafuteni ndani yake mambo matatu: kazi gani, mahali gani, mpaka lini. Yakikosekana, irudishwe iandikwe upya, sababu pesa zitakazopotea ni zenu wote.