Lenzi ya Fokasi Nyingi: Mgonjwa Aulizwe Kwanza

Mtu aliyepasuliwa mtoto wa jicho huketishwa mita 6 mbele ya ubao wa herufi, akaambiwa asome. Akisoma vyema, upasuaji huhesabiwa kuwa umefaulu. Kipimo hicho kina manufaa makubwa, wala hatukibezi. Lakini maisha ya binadamu hayapiti yote mbele ya ubao mweupe wenye herufi nyeusi. Kwa hiyo twatetea jambo moja: kabla ya kuchagua lenzi ya kutiwa jichoni, mgonjwa aulizwe macho yake yana kazi gani, kisha aelezwe faida na hasara ya kila lenzi.

Mtoto wa jicho ni lenzi ya asili iliyoingia ukungu. Mpasuaji huiondoa na kuweka ya bandia, kazi iliyoanzishwa na Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Lenzi ya kawaida ina fokasi moja: aghalabu huchaguliwa ili mtu aone mbali, na kwa kusoma avae miwani. Katika miaka ya 1980 zilianza kutumika lenzi zenye fokasi nyingi, ambazo huleta taswira ya mbali na ya karibu kwa wakati mmoja.

Yawezekanaje? Mwalimu na achukue lenzi ya kukuzia, atupe taswira ya dirisha juu ya karatasi, kisha azibe nusu ya lenzi. Wanafunzi wengi watatazamia nusu ya dirisha itoweke. La hasha! Dirisha lote hubaki, ila limefifia. Funzo ni kwamba lenzi haizalishi nuru. Huielekeza tu, na nuru ikipungua taswira hufifia. Katika aina moja ya lenzi za fokasi nyingi, iliyochongwa miviringo myembamba, asilimia 41 hivi ya nuru huenda kwenye fokasi ya mbali, kiasi hicho hicho kwenye ya karibu, na iliyosalia hutawanyika. Tena taswira zote mbili huangukia retina pamoja, ile iliyo dhahiri ikitandwa na ukungu wa mwenzake.

Matokeo ya majaribio yanaafikiana na fizikia hiyo. Kwa kuona mbali, lenzi za aina mbili hizi hukaribiana sana. Kwa kusoma bila miwani, ile ya fokasi nyingi hushinda. Lakini waliowekewa hiyo huona zaidi pete za mwanga kuzunguka taa za usiku, na hupungukiwa na uwezo wa kutenganisha vitu vyenye rangi zinazokaribiana, hasa penye giza. Wengi huzoea baada ya miezi kadhaa. Wachache hawazoei kabisa, na kuitoa lenzi ni upasuaji mwingine wenye hatari zake.

Basi tuwafikirie watu wawili. Fundi cherehani anayeshinda mchana kutwa akitunga uzi sindanoni huenda akaishukuru lenzi hiyo maisha yake yote. Dereva wa lori anayesafiri usiku, akikabiliwa na taa za magari katika mvua, huenda akaijutia. Ubao wa herufi utawapa wote wawili alama moja! Naye mwenye ugonjwa wa retina au glakoma, ambaye tayari uwezo wake wa kutenganisha weusi na kijivu umepungua, kwa kawaida hafai kuongezewa upungufu mwingine.

Wapo wasemao kwamba mgonjwa hana elimu ya kuamua. Hatukubali. Jambo linaloweza kuonyeshwa darasani kwa lenzi na karatasi laweza kuelezwa kwa mzee yeyote kwa lugha yake. Wapo pia wanaodhani kwamba lenzi ya bei kubwa haina budi kuwa bora kwa kila jicho. Hao nao wamekosea: lenzi ya fokasi moja iliyopimwa sawasawa, pamoja na miwani ya kusomea, si tiba duni, na kwa nchi yenye vipofu wengi wanaongojea upasuaji ndiyo inayostahili kutangulia.

Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Mwanafunzi aliyeielewa nuru na amweleze hayo babu yake kabla hajalala juu ya meza ya upasuaji.