Anayetaka Asali Aulinde Mti

Wahenga walinena kwamba mfuata nyuki hakosi asali. Siku hizi wengi wetu hatumfuati nyuki. Twafuata chupa dukani, tusijue kilichomo kimetoka wapi. Walimu na wanafunzi hawana budi kulitafakari jambo hili, kwani asali halisi haianzii dukani wala mzingani. Huanzia mtini.

Nyuki kibarua hufyonza mbochi, yaani maji matamu ya maua, akaubeba katika kifuko maalumu tumboni na kuuchanganya na vimeng'enya vya mwili wake. Mzingani, wenzake huupepea kwa mbawa hadi maji yapungue na kuwa chini ya asilimia 20, kisha huziba sega kwa nta. Katika msimu wa kazi kibarua huishi takriban wiki sita, na katika uhai huo wote hatengenezi hata kijiko kimoja cha chai.

Kwa kuwa asili yake ni ua, asali hutofautiana kama maua yatofautianavyo. Ile ya migunga ya Baringo na Kitui aghalabu huwa na rangi ya dhahabu, ilhali nyingi za misituni huwa nyeusi zaidi na zenye ladha nzito. Kunayo pia asali ya nyuki wadogo wasiouma, kama wale wa msitu wa Kakamega, ambayo ni majimaji na yenye uchachu.

Faida zake ni nyingi. Hutuliza kikohozi, na husaidia vidonda kupona kwa sababu uchache wa maji na uchachu wake huzuia viini kustawi. Hata hivyo, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, kwani yaweza kuwa na viini vya maradhi hatari ya kupoozesha.

La kusikitisha ni kwamba wapo wachuuzi wanaoichanganya na shira ya sukari. Mnunuzi naye hudanganyika mara mbili: huikataa asali iliyoganda, ingawa asali safi huganda, na huamini jaribio la njiti ya kiberiti, ambalo halithibitishi lolote.

Lakini hasara kubwa zaidi ni shoka. Mgunga ukichomwa makaa hutoa magunia mara moja tu, kisha basi. Ukiachwa hai, huchanua msimu baada ya msimu, na nyuki wanaoujia huchavusha pia maembe, maboga na alizeti za mkulima. Mwaka 2018, serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa. Marufuku pekee haitoshi. Mwenye njaa hatauacha mkaa asipopewa riziki nyingine, na mzinga ni riziki.

Twapendekeza kila shule yenye nafasi ipande miti ya maua na kutundika mizinga michache mbali na madarasa, chini ya ulezi wa mtaalamu. Vilabu vya 4K vyaweza kuwafunza vijana kutumia mizinga ya vijiti iliyobuniwa nchini katika miaka ya 1970, ambayo humwezesha mrina kutoa sega lililoiva na kuyaacha yenye wana, pasipo kuwateketeza nyuki kwa moto.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Sisi hatuchovyi tena. Twalipasua buyu lenyewe.